Losheni ya Mkufunzi

Katika jiko la hoteli ile hakuna aliyemwita mpika mikate kwa jina lake. Walimwita Bi Hamira, kwa sababu unga ukishapita mikononi mwake uliumuka kana kwamba umesikia habari njema. Alikuwa mjane wa makamo, mnene kiasi, mcheshi kwa watu aliowazoea na bubu kwa wasiomhusu. Kazi ile alitafutiwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alisimamia meza ya saladi na vyakula vya baridi. Wifi mtu alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na jiko zima, kuanzia waosha vyombo hadi mpishi mkuu, lilimwita Kamanda. Wanawake hao wawili waliishi nyumba moja pamoja na mama mkwe, walitoka pamoja asubuhi, wakarudi pamoja jioni, na watu walisema ukimwona mmoja peke yake ujue mwenzake anaumwa.

Siku ya mafunzo, hoteli haikuwa na wageni. Ukumbi wa chakula ulikuwa umetoka kupakwa rangi na bado unanuka, na meneja, ambaye kuona mtu amekaa bure kulimwasha mwili, akaona hapo ndipo pa kumleta mkufunzi wa usalama wa chakula. Wapishi, wahudumu na watu wa baa wakakusanywa jikoni, wamevaa kofia na aproni kama wanaokwenda kupigwa picha.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Hata salamu hazijakwisha, mpishi mkuu akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Mimi nimewalisha watu tangu sina ndevu. Nani amewahi kuanguka?"

"Hawaangukii mbele yako, baba," mkufunzi akajibu bila kukasirika. "Hula, wakakushukuru, wakaenda kuangukia kwao."

Watu wakacheka, mpishi mkuu akashusha mkono. Kuanzia hapo somo likaenda kama maji mteremkoni. Mkufunzi alisema nyama mbichi na mboga ziwekwe mbalimbali kama wake wenza waliogombana. Alisema cha moto kiwe moto na cha baridi kiwe baridi, maana uvuguvugu ndiyo sebule ya vijidudu. Aliwachomekea kuku kipimajoto mbele ya macho yao, akawaonyesha kwamba nje ameiva na ndani bado anasitasita. Aliwakataza watu wa baa kuchota barafu kwa glasi. Hapo mtu mmoja akaitikia kwa kichwa, kwa furaha ya mwanafunzi ambaye tayari anajua jibu.

Huyo alikuwa mchanganya vinywaji, mwanamume mrefu mwenye mvi chache zilizomkaa vizuri. Jina lake la kazini lilikuwa Sharubati. Kila alipotikisa kichwa, Bi Hamira alijikuta akitazama sakafu.

Ilikuwa hivi. Yapata mwaka, Sharubati alikuwa akija stoo kuchukua sukari ya vinywaji vyake, na Bi Hamira akija kuchukua unga. Mwanzo ilikuwa salamu. Salamu ikazaa mzaha, mzaha ukazaa chai, na chai ikazaa yale ambayo chai huzaa. Sharubati alitaka aende nyumbani akajitambulishe kama mtu mwenye heshima zake. Bi Hamira akawa anamwambia subiri. Angeanzaje kumwambia mama mkwe, mzee aliyemlilia mwanawe mpaka sauti ikakauka? Angemwambiaje Kamanda, aliyekuwa akiitaja picha ya kaka yake ukutani kama mtu aliyetoka kidogo dukani?

"Subira huvuta heri," Sharubati alikuwa akisema, "lakini hii yangu imevuta mpaka kamba inakatika."

"Vuta polepole," Bi Hamira alimjibu.

Basi katikati ya somo, wengine walipokuwa wakinywa chai, mkufunzi alimshika Bi Hamira kiwiko akampeleka pembeni, kwenye ujia wa kuelekea stoo. Akatoa kichupa mkobani.

"Nataka nikupake losheni hii viganjani. Haidhuru na haionekani. Wewe leo ni mtu mwenye ugonjwa wa tumbo, umetoka msalani hukunawa."

Bi Hamira akarudi nyuma. "Mimi? Nitoke msalani nisinawe? Mama, umenitazama vizuri?"

"Ni igizo tu."

"Igizo! Si ungemchukua mpishi mkuu?"

Mkufunzi akacheka mpaka miwani ikacheza kifuani. "Nimekuchagua wewe kwa sababu hakuna atakayekushuku. Utafanya kazi zako kama kawaida, usinawe mpaka nikuambie, na usimwambie mtu. Nitawaagiza wote wapike chakula cha mchana kama cha wageni. Hakitaliwa, usihofu. Chakula chenu cha kweli kimeshatengwa na nimekifungia."

Bi Hamira akapakwa, akajinusa viganja, vikanuka vile vile unga na chumvi. Akarudi kazini. Alifungua friji kwa mkono ule. Alikata mikate, akaipanga kwenye sinia, akampa mhudumu sinia. Alimpasia Kamanda kisu cha nyanya, akampokea mpishi mkuu chombo cha chumvi. Mwanzo alijihisi kama mwizi, kila anachogusa anakitazama mara mbili. Baadaye, kwa vile kazi haina adabu, humfanya mtu asahau yote, akasahau kabisa kwamba ana ugonjwa wa tumbo.

Na alipoishiwa unga, akaenda stoo.

Sharubati alikuwa huko, amefungua gunia la sukari. Chembe za sukari zilikuwa zimemganda shavuni, chini kidogo ya jicho.

"Unajipaka utamu ili iweje?" Bi Hamira akamuuliza.

"Ili nipanguswe."

Bi Hamira alitazama mlangoni, akatazama tena, kisha akampangusa. Kwa kweli sukari ile ingeondoka kwa ncha ya kidole. Yeye alitumia kiganja kizima, na kiganja hakikuwa na haraka ya kutoka. Akamweka sawa kola ya shati. Akampigapiga kifuani vumbi ambalo halikuwapo. Sharubati akamshika mikono yote miwili.

"Mwezi huu niende kwa mama?"

"Nitakuambia."

"Utaniambia lini? Nikiwa nimeota kibyongo?"

Wakasikia sauti ya Kamanda ikiita majani ya saladi kana kwamba majani yenyewe yana masikio. Wakaachana. Sharubati akatoka kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa mtu wa kunawa, na ndilo jambo la kwanza Bi Hamira alilompendea.

Bi Hamira alipotoka na unga wake, alimkuta mkufunzi peke yake ujiani, ameinama mbele ya mlango wa chumba cha baridi. Mkononi alikuwa na kitaa kidogo chenye mwanga wa zambarau. Akaumulika mpini wa mlango. Mpini ukawaka rangi ya samawati, vidole vinne na dole gumba, kana kwamba mtu ameuchora kwa mwezi.

"Umefanya kazi nzuri!" mkufunzi akamnong'oneza. "Baadaye nazima taa zote, namulika watu mmoja mmoja. Taa hii haimfichi mtu."

Bi Hamira akakumbuka. Shavu. Kola. Kifua! Mbele ya jiko zima, mbele ya meneja, mbele ya Kamanda!

Akaliweka gunia chini. Mkufunzi alikuwa amekwisha waita watu wakusanyike kwenye meza kuu, na Sharubati, kwa bahati yake mbaya na urefu wake, alikuwa amewekwa mbele kabisa. Bi Hamira alichukua kitambaa kisafi kwa pindo la aproni, asikiguse kwa kiganja, akakilowesha, akapenya katikati ya watu mpaka nyuma ya mpenzi wake, akakipenyeza mkononi mwake chini chini. Sharubati akageuka. Bi Hamira akajisugua shavu, akajisugua shingo, akajisugua kifua, akakodoa macho. Sharubati akamtazama. Uso wake ukalainika kama siagi juani. Akakikunja kile kitambaa taratibu, akakitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo, akaupigapiga mfuko kwa upole.

Bi Hamira alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya hoteli ilikuwa ya vigae imara, haikupasuka.

"Zimeni taa," mkufunzi akasema.

Giza likaingia, kile kitaa cha zambarau kikawaka, na mkufunzi akaanza na chakula. Mikate ikawaka. Nyanya zikawaka. Sahani zilizong'arishwa asubuhi zilikuwa na vidole ukingoni kama zimetoka kuibwa. Mguno ukapita jikoni.

"Mtu mmoja tu," mkufunzi akasema, "mtu mmoja hakunawa. Tazameni alikofika."

Akamulika chombo cha chumvi. Akamulika mpini wa friji. Akamulika tai ya meneja, aliyekuwa ameomba mkate wa moto akautafuna amesimama, na tai ikawa na doa kubwa kama yai. Meneja akakohoa. Kisha taa ikamfikia mpishi mkuu, na midomo yake yote miwili ikawaka mpaka ndevuni.

"Unaonja kwa nini, baba?"

"Kwa... kwa kijiko."

"Kijiko chenye kucha?"

Jiko likalipuka kwa vicheko. Hata mpishi mkuu mwenyewe, baada ya kutaka kununa na kushindwa, akacheka, na kucheka kwake kukawasha meno. Kamanda alikuwa na vidole viwili kwenye aproni. Mhudumu mmoja alikuwa na nukta puani, na hakuna aliyemuuliza ilifikaje.

Halafu mkufunzi akamgeukia Sharubati. "Mikono."

Sharubati akaitoa. Mikono ikabaki myeusi gizani, haina hata chembe.

"Mmeona?" mkufunzi akasema, na furaha ilikuwa ya kweli. "Mmeona mtu anayejua kunawa? Huyu ndiye mfano. Huyu amepita kati ya uchafu wote huu, akatoka..."

Akainua taa.

Kwenye shavu la Sharubati kilikuwa kimekaa kiganja kizima cha mwanamke, vidole vimetanuka kwa raha, kinawaka kama bendera. Chini yake, kwenye kola, vidole kumi. Na kifuani, pale penye mfuko wa kitambaa, kiganja kingine.

Friji ilisikika ikiunguruma.

"Huyu," mkufunzi akasema polepole, "huyu naye ameambukizwa, lakini si kwa njia ya chakula."

Kilichofuata hakikuwa kicheko, kilikuwa gharika. Watu walishikana, walipiga meza, muosha vyombo aliketi sakafuni. Mkufunzi, aliyekuwa ameanza somo na alitaka kulimaliza, akasema mgonjwa wa leo ajitokeze. Haikuwa na haja. Bi Hamira alikuwa ameshajifunika uso kwa viganja vyake, na taa ilipomgeukia, viganja vile viliwaka kama makaa.

"Bi Hamiraaa!"

"Shemeji Sharubati!"

"Kumbe hamira inaumua na wanaume!"

Taa za kawaida zikawashwa. Bi Hamira akafumbua jicho moja kumtafuta wifi yake. Mahali pa Kamanda palikuwa patupu, na mlango wa nyuma ulikuwa bado unacheza kwenye bawaba.

Alimkuta uani, ameketi juu ya kreti la soda, aproni yake mapajani, ameupa ukuta uso. Bi Hamira alisimama.

"Wifi," akasema.

"Usiniite wifi."

"Nikuite nani?"

"Mimi sijui. Mimi si wa kwanza kujua mambo, unaniuliza nini?" Kamanda akageuka, na macho yake yalikuwa na machozi. "Umeniaibisha."

"Kwa kumpenda mtu?"

"Nani amesema kupenda? Kwa kunifanya niambiwe na taa! Mimi, ninayelala chumba cha pili, mimi, ninayegawana nawe sabuni! Meneja amejua wakati ule ule niliojua mimi. Muosha vyombo amejua. Yule mwanamke aliyekuja leo leo na mkoba wake amejua!"

Bi Hamira akaketi kwenye kreti la pili. "Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe na mama. Ile picha ukutani. Nilifikiri mtaona nimemzika mara ya pili."

Kamanda alikunja aproni, akaikunjua, akaikunja tena. Alipozungumza, sauti ile ya kuamsha mtaa ilikuwa imeshuka mpaka ikabaki ya watu wawili.

"Kaka yangu alikuwa akipenda ukiimba unapokanda unga. Alinisimulia mwenyewe. Alipokufa ukaacha. Nikasema, haya, huyu mwanamke amemzika pamoja na sauti yake. Halafu mwaka huu umeanza tena. Nikasikia nikiwa kwenye saladi zangu, nikafurahi. Nikadhani ni ile oveni mpya."

Bi Hamira alitaka kulia, lakini kicheko kikamtangulia, na Kamanda akamtazama kwa hasira ya muda mfupi sana, kisha na yeye kikamshika. Walicheka wakiwa wameegemeana, makreti yakilia chini yao.

"Oveni!" Kamanda akasema akijifuta macho. "Mimi nakuombea kila siku upate mtu wa kukutunza, kumbe umemficha stoo kama sukari ya magendo. Ni mtu mzuri?"

"Ananawa mikono."

"Hilo tumeliona. Uso je?"

"La uso, kosa ni langu."

Kamanda akasimama, akavaa aproni, na sauti ikarudi mahali pake. "Jumapili aje kwa mama. Aje kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Na wewe nenda ukanawe, wagonjwa wa tumbo hawanishiki shiki."

Walirudi ndani. Mafunzo yalikuwa yanaendelea, na mkufunzi alikuwa amewapanga wote mstari mbele ya sinki, meneja akiwa wa kwanza, anawafundisha kusugua katikati ya vidole na chini ya kucha. Mpishi mkuu alisugua kama anayefua zulia. Mwisho, kabla ya kuwafungulia chakula chao cha kweli, mkufunzi aliuliza kila mtu amejifunza nini. Zamu ya Sharubati ilipofika, alisimama wima, shavu lake likiwa jekundu kwa kusuguliwa.

"Nimejifunza," akasema, "kwamba mwanamke akikupa kitambaa kilicholowa, muulize maana yake."

Hata meneja alipiga makofi.

Jumapili ilifika. Sharubati alikuja kwa mlango wa mbele, na shati lililonyooshwa mpaka likawa na kingo. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mzee mdogo wa mwili, mwenye macho yasiyokosa kitu. Binti yake alikuwa amekwisha mweleza yote, tena kwa kuigiza, pamoja na kukodoa macho.

Mzee alimtazama mgeni kwa muda, akamuuliza wazazi wake, akamuuliza afya yake, akamuuliza kama pombe anazochanganya anazinywa. Sharubati alijibu kwamba mpishi anayekula sufuria zima hawezi kufungua hoteli. Jibu hilo lilimpendeza mzee, ingawa alilificha.

"Sikia, baba," akasema. "Huyu alikuja hapa akiwa mke wa mwanangu. Mwanangu Mungu alimtaka, akamchukua. Yeye akabaki. Nilipougua, nani alinigeuza kitandani? Huyu. Basi huyu si mkwe wangu tena, huyu ni mwanangu. Ukimtaka, uje kumposa kwangu, kama anavyoposwa binti."

Bi Hamira, aliyekuwa anabeba chai, ilibidi aiweke chini kwanza.

"Nimekuja kwa ajili hiyo hiyo, mama," Sharubati akasema.

"Tena sharti moja. Asiende mbali. Miguu yangu haipendi magari."

Sharubati akakuna kichwa, akatazama nje ya dirisha. "Ile nyumba ya ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kijani, mama... ina vyumba viwili, wapangaji wanahama mwisho wa mwezi. Nilipita tu nikauliza."

Kamanda akaruka kitini. "Ulipita lini? Wewe mtu! Mwaka mzima unapeleleza mtaa wetu na kazini unaniuzia sura ya upole!"

"Nilikuwa nasubiri, shemeji. Mtu akisubiri hutembea tembea."

Mama mkwe akanyoosha mkono kutaka chai yake, akanywa funda moja, akatazama ng'ambo ya barabara kule kwenye mlango wa kijani, kama anayepima ni hatua ngapi kwa mwendo wake.

"Kibaraza chake kidogo," akasema. "Mwambieni mwenye nyumba akipanue, kiti changu kipate nafasi."